Utando wa Chai Juu ya Injini

Ukitaka kumkosa Wilkister maisha yako yote, mpe maji ya kunywa kwenye glasi yenye shombo ya yai. Hatakutukana. Ataisogeza ile glasi karibu na pua, kisha atairudisha mezani polepole, kama mtu anayemweka chini panya aliyekufa, na tangu siku hiyo kila ukimwalika atakuambia ametoka kula sasa hivi. Kwenye misiba na sherehe huja na kijiko chake ndani ya mkoba, kimeviringishwa kwenye kitambaa. Wamaitha, ambaye hapa Stockholm hakuna kamati ya harusi ya Wakenya asiyoiongoza, alimbandika jina, Bibi Pua, nalo likamganda.

Na mwanamke huyo huyo, kazi yake ni ufundi wa magari. Tena jioni, akishamaliza yale ya kuajiriwa, hukarabati magari ya kale, yaliyotengenezwa wakati babu zetu ni watoto, yakaja kusahaulika kwenye mabanda ya ng'ombe ya Uswidi hadi panya wakazalia ndani ya viti. Watu humuuliza aliingiaje humo. Jibu lake ni fupi: aliingia kwa matapishi.

Alipofika nchi hii, bintiye Eve alikuwa bado wa chekechea, na kazi ya kwanza aliyoipata ilikuwa kusafisha mabasi. Alikwangua chingamu chini ya viti, akafuta makohozi, akazoa walichokitapika walevi wa Ijumaa. Alijifunga skafu juu ya skafu na bado harufu ilipenya. Akitoka hapo anamchukua mtoto shuleni, na mtoto mwenyewe ukimpandisha chochote chenye injini, basi, teksi, gari la kanisa, hafiki mbali kabla hajageuka rangi. Treni ya chini ya ardhi peke yake ndiyo haikumfanya kitu. Wilkister alitembea na mifuko ya plastiki kama vile wengine wanavyotembea na leso. Matapishi ya wageni asubuhi, ya mwanawe jioni.

Siku moja akamuuliza dereva mmoja mzee kwa nini basi fulani hurudi limechafuliwa kila siku, na jingine la njia ile ile hurudi safi. Yule mzee akamwinamisha, akamwonyesha vipande vya mpira ambavyo injini inakalia. Vya basi safi vilibonyea kwa kidole. Vya lile chafu vilikuwa vimekufa, vigumu kama kwato.

"Injini inatetemeka, fremu inatetemeka, kiti kinatetemeka," mzee akasema, "halafu tumbo la abiria nalo linajiunga."

Wilkister akavitazama vile vipande kwa chuki. Ndoo zote zile, kwa sababu ya mpira usiozidi mche wa sabuni! Mwaka huo huo akajiandikisha shule ya watu wazima kusomea ufundi.

Magari ya kale aliyapenda, kama kupenda ndilo neno lake, kwa sababu ndani yake ugonjwa wa kutetemeka umevuliwa nguo. Waundaji wa mwanzo waliifunga injini moja kwa moja kwenye fremu, chuma juu ya chuma. Pistoni moja nzito, mwenzake nyepesi, zinapanda na kushuka kila moja na ubishi wake. Aliyenunua gari siku hizo alinunua na mtetemo wake. Hupimi kasi, unapima meno yako yatavumilia hadi wapi. Baadaye ndipo wakajifunza kusawazisha uzito, kuongeza gurudumu zito nyuma ya krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, kuweka ngozi, kisha sufi, kisha mpira chini ya injini. Wilkister huitembea safari yote hiyo upya kwenye kila gari analoshika.

Gereji waliikodi mtaa wa Hässelby, yeye na Nicholas. Huyu Nicholas ni Mganda anayeishi Akalla, mpishi wa kantini, lakini mikono yake ilizaliwa na spana. Wamefanya kazi pamoja miaka mingi bila kufanana hata kidogo. Nicholas hula popote, chochote, akiwa amesimama. Hupangusa mikono kwenye suruali na kuendelea na mkate. Wilkister ni Msabato wa kulelewa. Nyumbani kwao nguruwe hakutajwa mezani hata kwa mzaha, na Nicholas anampenda nguruwe kama vile watu wa Kampala wanavyojua kumpenda.

Chombo cha Wilkister cha kupimia mtetemo ni kikombe cha chai. Hupika chai nzito ya maziwa, na Wasabato wenzake, wasiokunywa majani ya chai, wakishtuka huwaambia hiyo si ya kunywa. Hukijaza kikombe, hukiweka juu ya boneti, husubiri utando ushike, kisha huwasha injini. Maji matupu hutikisika hata mtu akipita, lakini utando ni mtulivu. Ukiona umekunjamana kama ngozi ya kiwiko cha ajuza, jua injini bado ina neno. Ajabu ni kwamba tangu utotoni hakuna kinachomchukiza duniani kama ule utando. Huutazama kwa jicho moja, mdomo ameufunga. Na kila wakimaliza, Nicholas hujongea, huukokota kwa kidole na kuumeza.

"Banange, hapa ndipo penye utamu, nnyabo," humwambia; kwao Uganda banange ni jamani, na nnyabo ni mama.

"Geukia kule!" Wilkister hupiga kelele. "Ukitaka kula uchafu, geukia kule!"

Ndivyo walivyoishi.

Basi Eve akakua, akawa mtu mzima wa kupanda treni na kutembea kwa miguu, akampata Kiptoo, wakapanga harusi mwishoni mwa Agosti, Jumapili alasiri, katika kanisa moja la Rågsved. Wamaitha na kamati yake wakaanza kutafuta gari. Eve akakataa kila gari. Hataki kufika madhabahuni na mfuko wa plastiki mkononi. Lakini siku moja alikuja gereji kumletea mama yake ufunguo, akaliona gari walilokuwa wanalikarabati, la kijani iliyokolea, paa la turubai, taa kama macho ya bundi. Akalizunguka lote.

"Hilo," akasema kwa Kiswidi, maana Eve humjibu mama yake kwa Kiswidi hata akiulizwa kwa Kijaluo, "hilo likiacha kutetemeka, nitapanda."

Tangu utoto wake Eve hakuwahi kuomba kitu kutoka kwenye kazi ya mama yake. Shuleni alikuwa akimwambia asije kumchukua na nguo za grisi. Sasa ameomba. Kuanzia siku hiyo Wilkister hakuwa na kazi nyingine duniani. Alizichomoa pistoni nne akazipima kwenye mizani ya jikoni, akazipunguza kwa tupa hadi hakuna iliyomzidi mwenzake. Akang'oa sufi iliyooza chini ya injini, nyeusi, imelowa mkojo wa panya wa vizazi na vizazi, akaitoa kwa koleo huku akitema mate, akaweka mpira mpya. Kikombe kikatulia kidogo, kikatulia tena. Kisha, Julai ikikaribia kwisha, pistoni ya nne ikaanza kugonga. Tok, tok, tok. Utando ukakunjamana.

Nicholas akalala chini ya gari, akatoka na jibu. Beringi ya mkono wa pistoni ile, ile inayoshika krenki, imekwisha. Ni ya madini laini meupe, huyeyushwa na kumiminwa upya, na fundi wa kazi hiyo yuko likizo kama Uswidi yote ilivyo likizo mwezi huo, harudi hadi Septemba.

"Niachie mimi," Nicholas akasema. "Wewe nenda ukapimishe gauni la mtoto. Nitatafuta njia."

Wilkister aliporudi, gari lilikuwa limefungwa na kufutwa. Wakaweka kikombe, wakawasha. Utando ukalala kama kioo. Wilkister akamwita Eve, naye akaja, akaketi kiti cha nyuma, injini ikinguruma chini yake kwa sauti ya paka aliyeshiba. Alikaa humo muda mrefu, viganja juu ya magoti. Alipotoka alikuwa na rangi yake ile ile.

"Sawa, mama," akasema. Kwa Kiswahili.

Wilkister alikwenda nyuma ya gereji akajifanya anatafuta ndoo.

Katikati ya Agosti, harufu ikaja.

Mwanzoni ilikuwa nyembamba, kitu kama mafuta ya kukaangia yaliyosahauliwa jikoni. Kisha ikanenepa. Ikawa na uchachu, ikawa na utamu mbaya unaoshuka kooni. Wilkister akasugua sakafu kwa sabuni. Akapanga mitego ya panya. Nicholas alisema hasikii chochote, kisha akakumbuka ana haraka kantini. Na kwa kuwa ilikuwa Agosti, Wilkister akamjua mwizi wa hewa yake: Torkel, mstaafu wa gereji ya jirani. Mwishoni mwa Agosti Waswidi hufungua makopo ya surströmming, samaki waliochachushwa hadi kopo lenyewe linavimba, tena huyafungulia nje kwa sababu hata wao hawawezi kuvumilia ndani. Mwaka mmoja Torkel alimkaribisha Wilkister mezani. Hajamsamehe.

Akamvamia. "Torkel, huna huruma? Nina harusi! Gari la mwanangu linanuka maiti!"

"Harufu gani?" Torkel akauliza.

"Samaki wako!"

Torkel akamwongoza hadi kwenye rafu yake. Makopo yalikuwa hapo, yamevimba, yamefungwa, vumbi juu yake. "Mwaka huu nawangoja wajukuu," akasema kwa upole. Akapiga hatua mbili kuelekea gereji ya Wilkister, akanusa, uso wake ukabadilika kama mtu aliyesikia wimbo wa utotoni. "Huyo si samaki, Wilkister. Huyo ni babu yangu."

"Babu yako amekufa ndani ya gari langu?"

"Alikuwa na lori la mbao huko kaskazini. Beringi ikimfia msituni, mji uko mbali, anakata ngozi ya nguruwe kwenye akiba yake ya chakula, anaifunga mahali pa beringi, anafika nyumbani. Wazee wengi walifanya hivyo. Ina mafuta yake yenyewe, unaona. Lakini hufika nyumbani tu. Haikai."

Wilkister akamwacha amesimama hapo. Alirudi, akaweka kikombe juu ya boneti, akasubiri utando, akawasha. Ukakunjamana.

Ilikuwa Alhamisi, harusi Jumapili. Akaingia chini ya gari, akamwaga oili, akafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Kilichomdondokea kwenye glovu kilikuwa cha kahawia, kimekaangika pembeni, katikati kimelegea kama ulimi. Bado kilikuwa na nywele. Alitoka chini ya gari kwa magoti, akafika mlangoni, na huyo mwanamke aliyezoa matapishi ya nusu ya mji bila kuongeza ya kwake, siku hiyo aliongeza.

Nicholas alimkuta ameketi juu ya ndoo, kile kitu kiko mbele yake kwenye gazeti.

"Nicholas."

"Nnyabo."

"Hii ni nini?"

"Ngozi."

"Ya mnyama gani?"

"Nnyabo, unaona nywele na bado unaniuliza?"

"Nataka uitamke!"

"Ya nguruwe." Nicholas akavua kofia. "Fundi wa beringi angerudi harusi imepita. Torkel aliwahi kunisimulia habari za babu yake, na kantini hatukosi ngozi. Nikasema ifike tu Jumapili, halafu nitaitoa kimyakimya, hutajua. Nilitaka mtoto apande."

"Mtoto alipanda! Aliketi hapo juu ya mzoga, akaniambia sawa, na wewe umesimama pale unatabasamu!" Sauti ilikuwa inamtetemeka kuliko injini. "Ungenichukiza kwa nguruwe tu, ningenawa. Lakini umekifanya kikombe changu shahidi wa uongo. Nilimwonyesha mwanangu kikombe, Nicholas."

Nicholas aliizungusha kofia mkononi. Kisha, kwa kuwa ni Nicholas, akasema, "Ngozi mpya ingetufikisha Jumapili."

Wilkister alimtazama namna anavyoutazama utando.

Akampigia Eve simu, akamwambia yote, hata nywele. Upande wa pili Eve akatoa ile sauti ya Kiswidi ya mtu aliyekanyaga konokono kwa mguu mtupu. "Äckligt! Mama, niliketi hapo juu!"

"Uliketi."

"Kwa hiyo hakuna gari."

Wilkister angeweza kusema hakuna, na mambo yakaishia hapo. Lakini alilisikia lile neno gari lilivyoshuka mwishoni. "Liko," akasema. "Nikiweka ngozi nyingine, na likienda mwendo wa miguu, kutoka stesheni ya Rågsved hadi mlango wa kanisa, halitatetemeka. Mbali zaidi ya hapo siahidi. Au upande treni, utembee kidogo, hakuna aibu."

"Nani ataiweka?" Eve akauliza. "Nicholas?"

"Unataka nani?"

"Kama ni mkono wako, nitapanda. Kama si wako, natembea."

Kwa hiyo Wilkister alikwenda kubisha kwa Torkel. Alimwomba radhi kwa habari ya samaki, maneno yakimtoka moja moja kama misumari, kisha akamwuliza babu yake alikata ngozi ya unene gani. Torkel hakumcheka. Alimwambia achukue iliyotiwa chumvi, si ya moshi, akwangue nywele zote, akate nyembamba kuliko anavyodhani, kisha aiache ilale kwenye oili usiku kucha.

Ijumaa, ngozi aliyoileta Nicholas kutoka kantini ilikaa mezani, nyeupe, na matundu yake madogo, na mafuta yaliyoanza kutoa jasho kwa joto la gereji. Wilkister alivaa glovu juu ya glovu. Akashika kisu, akakata, hakusikia unene. Akakata tena, ikawa nene upande mmoja, na upande mmoja ukizidi ni mtetemo ule ule. Nicholas akasogea.

"Nisaidie nishike, nnyabo?"

"Kaa hapo hapo. Ukinigusa nitakutapikia viatu."

Akavua glovu. Akaishika kwa mikono mitupu. Ilikuwa na unyevu, tena inateleza, na ilikuwa na ulaini wa shavu la mtu, na hilo ndilo lililomtia kichefuchefu kuliko yote. Machozi yalimtoka, mate yalimjaa mdomoni, akayatema kwenye ndoo na kuendelea. Alikwangua. Alipapasa kwa kidole gumba, akakwangua tena, hadi kidole hakikukuta mlima wala bonde. Alipomaliza aliilaza kwenye oili, akanawa kwa sabuni ya unga, kwa ndimu, kwa spiriti, na kesho yake, siku ya Sabato, kanisani alikaa na mikono mgongoni ili pua yake isiikute. Jua lilipotua akaifunga ngozi mahali pa beringi.

Jumapili walilipeleka gari Rågsved kwa trela. Jua lilikuwa kali, watu wa kamati wamejipanga nje ya stesheni, Wamaitha mbele yao na kilemba kama meli.

"Bibi Pua!" akaita. "Leo mkono umeuficha wapi? Tumesikia umeshika kitimoto!"

"Nimeshika," Wilkister akajibu. "Njoo nikusalimie."

Wamaitha akarudi nyuma, watu wakaangua kicheko. Hapo Wilkister akafungua chupa ya chai, akajaza kikombe, akakiweka juu ya boneti. Harusi nzima ikasubiri utando ushike. Akawasha. Alitazama kwa macho yote mawili. Utando haukupata hata mkunjo mmoja.

Eve akatoka kwenye milango ya stesheni, treni imemleta moja kwa moja kutoka Hässelby, gauni limeshikwa na wasimamizi huku na huku. Hakuliangalia gari. Aliangalia kikombe, kisha mikono ya mama yake. Akapanda.

Wilkister alimpa Nicholas kile kikombe. "Tembea kando ya injini. Usikilize. Ikigonga mara moja tu, piga kelele. Na chai isimwagike."

Ndivyo walivyopanda kilima cha kuelekea kanisani: mama amevaa kofia ya harusi anaendesha, bwana Mganda mwenye suti anatembea kando ya boneti ameinamisha sikio, kikombe amekishika kwa mikono miwili, na nyuma yao kamati yote inaimba kwa mwendo wa mazishi. Harufu ilikuwepo. Hafifu, ya kukaanga, kila aliyekuwa na pua aliisikia na kila mmoja alijifanya ni maua. Wilkister aliishikilia pumzi yake tangu stesheni, akiiachia na kuivuta kwa mdomo, akihesabu miti. Nyuma yake hakusikia neno, wala hakuthubutu kugeuka.

Mbele ya kanisa akazima injini.

"Eve?"

"Subiri," Eve akasema, macho ameyafumba. Watu wote wakasubiri. Akavuta pumzi, akameza, akafumbua. "Inanuka vibaya sana, mama."

"Najua."

"Lakini sijatapika."

Wakashuka, Eve akauchukua mkono wa mama yake uliokuwa umejificha mgongoni, akaushika barabara, kiganja kwa kiganja, na hakuuachia hadi mlangoni. Hapo Wamaitha akaanza kupanga mstari wa kuingia.

Wilkister akageuka. Nicholas alikuwa bado amesimama karibu na gari, jasho linamtiririka, kikombe hakijapoteza tone. Utando ulikuwa mzima, mnono, umeshika ukingo kwa ukingo. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, hakuugusa.

Wilkister alimtazama muda kidogo. Ngozi ile ingetoka kesho, na ni Nicholas ambaye angeitoa, kwa mikono mitupu, hilo walishaelewana bila kusema.

"Kula basi," akamwambia. "Lakini geukia kule."